Baridi Iliyosingiziwa: Kisa cha Mbwa na Sumu ya Panya

Kisa hiki ni cha mfano. Hakuna familia moja inayosimuliwa hapa, lakini kila kipande chake ni cha kawaida kwa madaktari wa wanyama katika nchi zenye majira manne, wakati majani yanapopukutika: Septemba hadi Novemba kaskazini mwa dunia, Machi hadi Mei kusini. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha jinsi mnyama anavyoweza kufikia hali mahututi mbele ya watu wanaompenda kwa dhati, huku kila dalili ikiwa imeshapewa maelezo. Mbwa mzee akizubaa, ni baridi. Akichechemea, ni baridi. Akikohoa, ni baridi tena.

Mgonjwa ni mbwa dume wa miaka 9, aliyehasiwa, mwenye kilo 32. Tumwite Jasiri. Nyonga zake zimeanza kulika. Hilo lilijulikana mwaka uliotangulia kwa picha ya eksirei, akaandikiwa vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe. Dawa haikuisha, chupa ikabaki kabatini. Nyumba hiyo ina pia paka jike anayetoka na kuingia apendavyo.

Wiki ilivyokwenda

Jumamosi baba mwenye nyumba alisikia mikwaruzo darini. Ndivyo yalivyo majira hayo: usiku ukianza kupoa na chakula cha nje kikipungua, panya huhamia ndani. Akaweka sumu stooni, vipakiti vya punje za bluu, kwenye rafu ya juu kabisa nyuma ya makopo ya rangi, mahali ambapo mbwa hafiki hata akisimama kwa miguu ya nyuma. Aliweka kwa uangalifu. Ila panya hali kila kitu pale pale alipokikuta. Hubeba na kuficha. Kipakiti kimoja kiliburutwa hadi sakafuni nyuma ya mlango, na kwa hesabu za baadaye inaelekea Jasiri alikila Jumatatu.

Jumanne hapakuwa na kitu. Jumatano vilevile: alikula, alibweka, alimkimbiza paka. Alhamisi akawa mzito kuamka. Usiku huo kulikuwa na mvua na upepo, hivyo hakuna aliyeshangaa. Ijumaa akaanza kuchechemea. "Baridi yabisi imemrudia," mama akasema, na kidonge cha ile chupa ya mwaka jana kikapita ndani ya kipande cha nyama. Jioni akapewa kingine. Jumamosi alikohoa, kikohozi kidogo kikavu, akaacha nusu ya chakula. Jumapili asubuhi alisimama, akapiga hatua chache kuelekea mlangoni, akajilaza akihema, na hakutaka tena kuinuka.

Kuna jambo moja ambalo wiki nzima halikusemwa. Jasiri alikuwa akichechemea mguu wa mbele. Ugonjwa wake uliojulikana ulikuwa kwenye nyonga.

Mezani kwa daktari

Daktari alianza na mdomo. Aliinua mdomo wa juu, akatazama ufizi, akaubonyeza kwa kidole. Ufizi wa mbwa mwenye afya huwa wa waridi na una unyevu. Ukiubonyeza unapauka, na rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. (Kuna mbwa ambao fizi zao ni nyeusi kwa asili. Hao watazamwe upande wa ndani wa kope la chini.) Ufizi wa Jasiri ulikuwa mweupe. Alipoubonyeza na kuuachia, hapakuwa na rangi ya kurudi.

Hapo maelezo ya baridi yaliisha. Maumivu ya viungo humfanya mbwa awe mzito, anune, agome kupanda ngazi. Hayaondoi rangi kwenye fizi. Kumtazama mbwa fizi ni kazi ya sekunde chache, na mtu yeyote anaweza kuifanya nyumbani. Kama ingefanyika Ijumaa, kabla ya kidonge, kisa hiki kingekuwa kifupi zaidi na bila hatari kubwa kiasi hicho.

Mengine yalifuata haraka. Moyo ulipiga mara 160 kwa dakika, mpigo wake dhaifu pajani. Alipumua mara 56 kwa dakika, pumzi fupi fupi. Mbwa aliyetulia hazidishi 30. Kwa stethoskopu, sauti ya mapafu upande wa chini wa kifua ilisikika mbali, kana kwamba kuna kitu kimekaa katikati. Kiungo cha mguu wa mbele wa kushoto kilikuwa kimevimba na kina joto. Na chini ya tumbo, karibu na kinena ambako manyoya ni haba, palikuwa na doa la zambarau lililotanuka chini ya ngozi. Nyumbani hakuna aliyeliona, kwa sababu hakuna aliyemgeuza.

Damu ilichukuliwa kwenye mshipa mwembamba wa mguu, si wa shingoni, na pamba ikakandamizwa hapo kwa muda mrefu. Daktari alikuwa ameshaanza kuhisi kitu, na mshipa mkubwa wa shingoni ukivuja kwa mbwa ambaye damu yake haigandi, ni vigumu kuuzuia. Chembe nyekundu zilikuwa asilimia 19 ya ujazo wa damu. Kawaida ya mbwa ni kati ya 37 na 55. Protini za damu nazo zilikuwa chini.

Matokeo haya mawili yakisomwa pamoja yanaeleza mengi. Mbwa hupungukiwa damu kwa njia kuu tatu: chembe zinavunjwa ndani ya mwili, hazitengenezwi, au damu inatoka kwenye mishipa. Zikivunjwa, protini hubaki ilivyo, mkojo mara nyingi huwa wa rangi ya chai nzito, na weupe wa macho huweza kugeuka manjano. Damu ikimwagika, chembe na protini hupotea kwa pamoja. Macho ya Jasiri hayakuwa ya manjano. Alikuwa akivuja damu mahali fulani, kwa ndani.

Washukiwa walikuwa kadhaa, na majira yenyewe huwaongeza. Kupe hawatoweki eti kwa sababu jua limepungua. Kupe waliokomaa wa aina kadhaa huwa na nguvu hasa wakati huu, na babesia wanayoiambukiza, kimelea cha damu, huvunja chembe nyekundu. Lakini babesia huvunja, haimwagi, na mara nyingi huja na homa kali; joto la Jasiri lilikuwa 37.4, chini ya kawaida ya 38.3 hadi 39.2. Leptospira, bakteria inayoenezwa na mkojo wa panya na kupatikana kwenye madimbwi, huharibu figo na ini, na vipimo vya viungo hivyo vilikuwa salama. Aliyeogopwa zaidi, kwa mbwa mkubwa mwenye umri huo, ni uvimbe wa saratani kwenye wengu uliopasuka: huo hujaza tumbo damu ghafla. Altrasaundi ilionyesha wengu laini, tumbo lisilo na kitu. Maji mazito yalikuwa kifuani.

Damu kifuani, damu ndani ya kiungo cha mguu, damu chini ya ngozi ya tumbo. Mahali patatu pasipohusiana. Uvimbe hauvuji hivyo, wala ajali. Anayevuja kila mahali kwa wakati mmoja ana tatizo la damu kuganda, na katika majira ambayo kila nyumba inapigana na panya, swali linalofuata ni moja.

"Mama, kuna sumu ya panya popote nyumbani?"

"Ipo, daktari, lakini iko juu sana. Hawezi kuifikia."

Binti yao, aliyekuwa amekaa kimya ameshika kamba ya mbwa, ndiye aliyelijibu swali hilo. "Daktari, choo chake Jumanne kilikuwa na chembe za bluu. Nilifikiri amekula krayoni zangu."

Kipimo cha muda wa damu kuganda kikawekwa kwenye mashine. Mbwa mzima huhitaji sekunde kumi na kidogo. Mashine ilifika mwisho wa uwezo wake na damu ya Jasiri bado ilikuwa majimaji.

Kwa nini siku zile za mwanzo zilikuwa kimya

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo, kwa sababu ukimya huo ndio unaoua.

Ini hutengeneza protini za kugandisha damu, na nne kati yake, ambazo kitabibu huandikwa II, VII, IX na X, haziwezi kukamilika bila vitamini K. Mwili una akiba ndogo ya vitamini hiyo. Huitumia, huirudisha katika hali yake ya awali, kisha huitumia tena. Sumu za panya za jamii ya warfarin, pamoja na zile kali zaidi kama brodifacoum na bromadiolone, huzuia hatua ya kuirudisha. Kwa hiyo mnyama akiimeza sumu leo, leo hakuna linaloharibika. Protini zilizokwisha kutengenezwa bado zinazunguka kwenye damu na zinafanya kazi. Ya VII ndiyo ya kwanza kuisha, kwa kuwa nusu yake hupotea kila baada ya saa sita hivi, na kipimo cha kuganda huanza kuharibika kati ya saa 36 na 72. Kuvuja kwenyewe huonekana kwa kawaida baada ya siku tatu hadi saba. Jumatatu hadi Alhamisi: hesabu ya Jasiri inaingia humo barabara.

Sayansi hii ilianzia kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Marekani na Kanada walipoteza mifugo iliyovuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu ya klova tamu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alichukua ng'ombe wake aliyekufa, kopo la damu isiyoganda na shehena ya majani hayo, akayafikisha yote chuo kikuu, kwenye maabara ya Karl Paul Link. Kazi iliyofuata ilitoa kiini chenye kuzuia damu kuganda, na kutoka hapo warfarin, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Baadaye ikawa pia dawa ya binadamu. Uchelewaji wake ndio ulioifanya ipendwe, maana panya mwerevu hawezi kuhusisha chambo alichokula Jumatatu na udhaifu wa Ijumaa. Mwenye mbwa naye hawezi, kwa sababu ileile.

Na vile vidonge viwili vya Ijumaa? Dawa za jamii ile hupunguza uwezo wa chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba tundu la mshipa, kushikamana, na zinaweza kuchubua tumbo. Kwa mbwa ambaye njia moja ya kugandisha damu ilikuwa imeshafungwa, kupunguziwa ya pili kulikuwa kumwongezea mzigo. Simlaumu mama. Alimpa mnyama mwenye maumivu dawa iliyoandikwa na daktari kwa mnyama huyohuyo. Lakini dawa ile iliandikwa kwa ugonjwa uliothibitishwa wakati ule, na mguu huu ulikuwa mwingine. Dawa za maumivu za binadamu ni hatari zaidi: ibuprofen huharibu tumbo na figo za mbwa, na kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka.

Matibabu

Jasiri aliwekewa oksijeni na kuguswa kidogo kadiri ilivyowezekana. Sindano za msulini zilikatazwa, kwa sababu kila tundu ni mvujo mpya. Alipewa plazma, ambayo ina protini za kugandisha zilizo tayari. Kiasi cha kawaida ni mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, hivyo kwa uzito wake ni kati ya 320 na 640. Aliongezewa pia chembe nyekundu. Vitamini K1 ilianzishwa saa hiyohiyo kwa kinywa, lakini haiokoi papo hapo: ini linahitaji saa 6 hadi 12 kutengeneza protini mpya za kutosha, na plazma ndiyo inayomvusha mgonjwa katika kipindi hicho. Vitamini hiyo haidungwi kwenye mshipa, kwani inaweza kuleta mshtuko wa mzio unaoua.

Uamuzi mgumu ulikuwa kuhusu kifua. Mtu akiona damu imejaa kifuani hutamani kuitoa. Daktari aliacha, na naona alifanya vyema. Sindano ya kifuani kwa mbwa asiyegandisha inaweza kuvujisha zaidi ya inachotoa, na damu iliyobaki humo hufyonzwa polepole na mwili, chembe nyingi zikirudi kwenye mzunguko. Angetoboa tu kama pumzi ingezidi kubana. Ilipofika usiku, Jasiri alikuwa akipumua mara 36 kwa dakika. Asubuhi yake damu iliganda ndani ya muda wa kawaida.

Baba alirudi nyumbani kuchukua boksi la sumu, na safari hiyo ilikuwa na thamani kuliko anavyoweza kudhani. Rangi ya punje haiambii mtu chochote. Bluu, kijani na nyekundu hutumika kwa sumu za aina tofauti kabisa. Kwenye boksi iliandikwa brodifacoum. Ingekuwa bromethalin, ugonjwa ungekuwa wa ubongo na vitamini K isingesaidia kitu. Ingekuwa cholecalciferol, kalsiamu ingepanda na figo kuharibika. Ingekuwa zinki fosfidi, hata matapishi ya mbwa yangetoa gesi yenye kudhuru watu waliomo chumbani. Brodifacoum hukaa kwenye ini kwa wiki nyingi, kwa hiyo Jasiri aliandikiwa vitamini K1 kwa siku 28, pamoja na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta haifyonzwi vizuri. Vidonge vya vitamini vya watu havifai, kiasi chake ni kidogo mno. Na vitamini K3 haitibu sumu hii.

Kilichofichwa na majira

Nikitazama kisa hiki upya, sioni familia iliyozembea. Naona majira yaliyowanyima macho. Giza huingia mapema, kwa hiyo matembezi ya jioni hufanyika gizani na hufupishwa. Mbwa anajisaidia juu ya majani makavu, na mavi hayaonekani; ni binti peke yake, aliyemtoa Jumanne mchana baada ya masomo, aliyeziona chembe za bluu. Manyoya ya baridi yanaota na kufunika michubuko. Kila mtu nyumbani ni mzito kidogo kuamka, basi uzito wa mbwa unaonekana wa kawaida. Na mwaka jana, mwezi uleule, alichechemea kweli kwa sababu ya nyonga.

Kumbukumbu hiyo ya mwaka jana ndiyo inayodanganya kuliko yote. Maelezo ya msimu huwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana hakuna anayeyahoji. Mbwa mwenye viungo vibovu anaumia zaidi hewa ikipoa na matembezi yakipungua. Lakini maumivu hayo hupungua akishatembea kidogo, hubaki kwenye kiungo kilekile kinachojulikana, na hayamwachishi chakula ndani ya siku tatu. Kuchechemea kwa mguu mpya, kukiongozana na kikohozi na uchovu, hakustahili kusubiri mwisho wa wiki.

Mfano wa karibu ni ule wa dawa ya kuzuia maji ya injini kuganda, ambayo watu huijaza wakati huohuo wa mwaka. Yenye ethylene glycol huweza kumuua paka kwa mililita 1.4 tu kwa kila kilo. Kwa paka wa kilo nne, kijiko cha chai na kidogo juu yake. Mwanzoni huyumba kama mlevi, baadaye huweza kuonekana ametulia, wakati figo zinajaa fuwele. Kwa paka, tiba yake inatakiwa ianze ndani ya saa tatu hivi. Hapo napo mtu husema, amepata nafuu, amelala kwa sababu ya baridi.

Kama kipakiti kilichotafunwa kingeonekana Jumatatu, daktari angemtapisha Jasiri ndani ya saa chache za mwanzo, akampa mkaa wa dawa, kisha ama akamwanzishia vitamini K1 moja kwa moja au akapima kuganda kwa damu baada ya siku mbili hadi tatu. Kupima siku ileile hakusaidii: majibu huwa safi, na usafi huo unaweza kumrudisha mtu nyumbani akiwa na matumaini ya uongo. Kumtapisha nyumbani kwa chumvi kusijaribiwe kabisa. Chumvi nyingi nayo humuua mbwa.

Paka, panya na mwezi uliofuata

Paka aliletwa siku ya pili. Paka huvumilia sumu hizi kuliko mbwa na huchagua chakula, lakini huyu anawinda, na panya aliyelewa sumu ni mwepesi kukamatwa. Kipimo chake kilikuwa sawa, kikarudiwa baada ya siku mbili, kikawa sawa tena.

Stooni vipakiti vilihesabiwa dhidi ya idadi ya boksi. Viwili havikuonekana. Kimoja kilikuwa kile cha Jasiri. Cha pili kilipatikana nyuma ya friji, kimefunguliwa kona moja na alama za meno ya panya, hatua chache kutoka bakuli la paka. Sumu ikaondolewa yote. Matundu yakazibwa kwa wavu wa chuma na saruji, hata madogo sana, kwa kuwa panya mdogo hupita kwenye uwazi wa milimita 6. Mitego ya kufyatuka ikawekwa ndani ya masanduku yenye mlango mwembamba ambao pua ya mbwa haiingii, na chakula cha mbwa kikahamishiwa kwenye pipa la bati lenye kifuniko, maana gunia lililokuwa wazi ndilo lililowaita panya tangu mwanzo.

Vidonge vya siku 28 viliisha. Saa 48 baada ya cha mwisho Jasiri alipimwa tena, kwa sababu sumu ikiwa bado imo kwenye ini, damu huanza kuchelewa kuganda mara tu vitamini inapokatizwa, na ingebidi aendelee kwa wiki mbili nyingine. Iliganda kwa wakati. Chembe nyekundu zilikuwa zimefika asilimia 41. Mguu wa mbele haukuwa na uvimbe tena. Nyonga bado zilimsumbua asubuhi, kama ilivyotarajiwa, na zikaanza kutibiwa kwa dawa mpya iliyopimwa kwa uzito wake wa sasa, baada ya figo na ini kuchunguzwa. Chupa ya zamani ilirudishwa kwa daktari ikaharibiwe.